Salio Lako Linalala Wapi Usiku?

Majuzi tulipewa kazi ndogo. Mainjinia wetu walikuwa wanahamisha sehemu ya rekodi za wateja kwenda kwenye seva mpya na kubadilisha swichi zinazoziunganisha, na sisi wa timu ya masoko tukaambiwa tuandike meseji ya kuwajulisha wateja kwamba huduma itasimama usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kazi ya dakika tano. Tukaandika kama tulivyozoea: "Mpendwa mteja, tunaboresha huduma zetu ili kukuhudumia vyema zaidi. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Tukawapelekea waikague.

Injinia mmoja akaturudishia na swali moja chini yake: "Tunaboresha nini?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tumesomea masoko. Tunajua rangi gani inavutia jicho kwenye bango, na tunajua meseji ikitumwa saa mbili asubuhi inasomwa kuliko ya saa nane mchana. Seva tulikuwa tunazijua kwa jina tu. Basi tukaomba kukaa nao siku tatu, tukiuliza maswali ya kijinga bila aibu. Tulichotoka nacho ni maoni ambayo tunayasema mapema kabisa: wewe mteja una haki ya kujua salio lako linakaa wapi, limenakiliwa mara ngapi, na kwa nini wakati mwingine mtambo unakataa kukuhudumia. Meseji tuliyokuwa tumeandika ilikuwa inakuficha hayo yote kwa maneno matamu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Shilingi zenyewe haziko ndani ya simu yako, na haziko kwenye seva pia. Sheria ya mfumo wa malipo ya 2011, pamoja na kanuni zake za 2014, inataka fedha za wateja wa pesa za simu ziwekwe kwa amana katika benki, mbali na fedha za kampuni. Kilichoko kwenye seva ni rekodi, yaani nani ana ngapi, nani kamtumia nani, saa ngapi. Kwa hivyo seva ikiungua, pesa hazijaungua. Lakini rekodi ikipotea, nani atasema zipi ni zako? Mama mboga aliyeweka 3,200 jana jioni hana ushahidi mwingine ila meseji, na meseji yenyewe iko kwenye simu inayoweza kuchomolewa mfukoni hapo stage.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, seva zake zilikuwa ng'ambo, na zilikaa huko hadi 2015 zilipohamishiwa nchini. Wengi wetu kwenye timu hii tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tukisindikiza mama kwa wakala, na kumbe kila muamala ulikuwa unavuka bahari na kurudi kabla ya meseji kulia. Hakuna aliyetuambia. Hatukuuliza pia.

Sasa tuingie ndani ya chumba chenyewe. Seva ya zamani ilikuwa mashine moja, kazi moja. Leo mashine moja kubwa inagawanywa kwa programu ikawa kama mashine kumi au ishirini, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Hizo ndizo seva pepe. Fikiria zile eksibisheni za katikati ya Nairobi: mlango wa nje ni mmoja, stima ni moja, lakini ndani kuna vijiduka chungu nzima na kila mwenye duka ana kufuli lake.

Swali linalobaki ni la stoo. Kwa miaka mingi, maduka yote hayo yalitumia stoo moja: kabati kubwa la diski, la bei ya kutisha, lililounganishwa na seva zote kwa nyaya zake maalum. Hata likijengwa kwa vipuri viwili viwili, ni kabati moja. Likisimama, eksibisheni nzima imefungwa. Mtandao pepe wa hifadhi unaliondoa kabati hilo. Kila seva inawekewa diski zake, halafu programu inazikusanya diski za seva zote zionekane kama stoo moja. VMware walitoa yao, inayoitwa vSAN, mwaka 2014. Kuna nyingine inaitwa Ceph, isiyolipiwa leseni, iliyotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz.

Kwa hivyo ukimtumia fundi wako shilingi 500, rekodi haiandikwi mahali pamoja. Inaandikwa kwenye diski ya seva moja na, papo hapo, kwenye diski ya seva nyingine. Ceph ukiiacha ilivyo inaandika mara tatu. Na mtambo hausemi "imeandikwa" mpaka nakala zote zijibu kwamba zimepokea. Ule mzunguko mdogo unaouona kwenye simu yako kabla ya meseji kuingia, sehemu yake ni seva zinazosubiriana.

Kusubiriana huko kunapitia kwenye waya, na hapa mainjinia wetu wanakuwa wakali kama polisi wa trafiki. Nakala hazitakiwi kusafiri njia moja na shughuli nyingine. Zinapewa njia yao, kadi zao za mtandao, swichi mbili ili moja ikifa nyingine ibebe, na kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde au zaidi. Ukizichanganya na magari mengine, ni kama kuachia ambulensi ipambane na matatu za Thika Road saa kumi na mbili jioni ya tarehe mosi. Walituonyesha pia kosa ambalo hata wazoefu huanguka ndani yake: wanaongeza ukubwa wa vifurushi vya data hadi baiti 9000 ili mambo yaende haraka, wanasahau swichi moja katikati. Wakipima kwa ujumbe mdogo, kila kitu kiko sawa. Rekodi kubwa zikianza kupita, zinakwama. Mtu anaweza kumaliza usiku mzima akitafuta ugonjwa huo.

Seva moja ikizima, kazi inaendelea kwenye nakala iliyobaki, na mara nyingi wewe huwezi kujua lolote limetokea. Tulichoshangaa ni kwamba mtambo haukimbilii kutengeneza nakala nyingine saa hiyo. vSAN, isipobadilishwa, inasubiri dakika 60 kwanza. Ceph inasubiri dakika 10. Sababu ni kwamba mara nyingi seva haijafa, imezimwa na kuwashwa tu, na kunakili upya ni kazi nzito inayoweza kupunguza mwendo wa kila mtu. Lakini ili kunakili upya kuwezekane lazima kuwe na nafasi. Diski zikijaa, hakuna pa kuweka nakala mpya, na Ceph ikiona diski imefika asilimia 95 inakataa kuandika kabisa. Kwa hivyo mainjinia wakiomba diski zaidi wakati zilizopo "bado zina nafasi", si ubadhirifu. Tunasema hivi tukijua wenzetu wa fedha wanasoma.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Tuseme kuna seva mbili, kila moja na nakala ya salio lako la shilingi 2,000. Waya kati yao unakatika. Hakuna iliyokufa, ila kila moja inaona mwenzake amenyamaza na inadhani imebaki peke yake. Zikiendelea zote mbili, unaweza kutoa 2,000 upande huu, na upande wa pili bado unasema una 2,000. Waya ukirudi, ni rekodi gani ya kweli? Hapo hakuna injinia anayeweza kukusaidia bila kumuumiza mtu mwingine.

Dawa yake wengi wetu tulikua tukiiona nyumbani. Kama mama yako alikuwa kwenye chama cha sanduku, unalijua lile la chuma lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake, hata mweka hazina, hata kama ana dharura ya kweli. Na kabla ya kufunga, kikundi kinatangaza salio kwa sauti ili wanachama walibebe kichwani hadi mkutano ujao. Seva zinafanya karibu hivyo hivyo. Inaongezwa ya tatu, ambayo kwenye vSAN inaitwa shahidi. Shahidi hashiki rekodi za pesa. Kazi yake ni kupiga kura. Waya ukikatika, upande wenye kura nyingi unaendelea, na upande uliobaki peke yake unanyamaza hata kama una nakala kamili mkononi. Ndiyo maana kiwango cha chini cha kawaida ni seva tatu, na ukitaka kuvumilia hasara ya mbili kwa mtindo huo wa nakala kamili, unahitaji tano. Ikitokea hakuna upande wenye kura za kutosha, zote zinasimama.

Wewe huku nje unaona "huduma haipatikani kwa sasa" na unatutukana. Tunaelewa. Lakini msimamo wetu ni kwamba mtambo unaokataa ni bora mara mia kuliko mtambo unaokisia. Usitake kampuni inayojisifu kwamba haisimami kamwe mpaka uulize inafanya nini waya ukikatika.

Na hapa kuna kosa ambalo sisi wenyewe tumelifanya. Umetuma pesa saa tano usiku, meseji haijaingia, unatuma tena. Dakika kumi baadaye zinaingia zote mbili. Muamala wa kwanza haukuwa umepotea, ulikuwa unasubiri nakala zijibiwe. Ukikwama, angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, muamala umeandikwa, tulia. Kama halijapungua na meseji haijaja, subiri, halafu uliza huduma kwa wateja kabla ya kujaribu tena. Mtu akikupigia usiku huo huo ati anakusaidia kurudisha pesa iliyokwama na anahitaji PIN yako, kata simu. Matapeli wanajua siku mitambo iko chini kama unavyojua wewe.

Hata hivyo hatutaki kujipongeza kwa kusimama. Mhudumu wa boda aliyeishiwa petroli Kitengela saa nane usiku, bila noti hata moja mfukoni, hana haja na somo la kura za seva. Mama aliye kwenye dirisha la malipo hospitalini hana haja nalo pia. Kusimama salama kunapunguza hasara ya rekodi tu. Hasara ya mtu aliyekwama inabaki pale pale, na hiyo ni juu ya kampuni.

Mfano tunaourudia sana ofisini siku hizi ni wa Korea Kusini, kwa sababu wao wanaishi na pesa za simu kama sisi. Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2022, moto ulizuka kwenye chumba cha betri cha kituo cha data cha SK C&C huko Pangyo, kusini mwa Seoul. Stima ikakatwa. Seva za Kakao zilikuwa humo. KakaoTalk, ambayo karibu kila Mkorea anaitumia kuwasiliana, ikanyamaza, na KakaoPay na huduma yao ya teksi zikaenda nayo. Kurudisha huduma zote kulichukua zaidi ya siku tano. Mmoja wa wakurugenzi wakuu wawili, Namkoong Whon, alijiuzulu siku nne baada ya moto.

Kakao walikuwa na seva kwingine na walikuwa na nakala. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifaa vya kuhamisha kazi kutoka kituo kimoja kwenda kingine, yaani programu ambazo wafanyakazi walihitaji ili kuhama, havikuwa vimenakiliwa ipasavyo nje ya kituo kilichozimwa. Ni kama kuweka ufunguo wa akiba wa nyumba ndani ya nyumba hiyo hiyo. Tulipowauliza mainjinia wetu kama ufunguo wetu uko nje, walijibu haraka kwamba uko. Tukauliza mara ya mwisho kuujaribu ilikuwa lini. Jibu hilo lilichukua muda kidogo zaidi, na sasa jaribio lina tarehe kwenye kalenda ya ofisi.

Mtu atasema, basi wekeni nakala Mombasa, yaishe. Si rahisi hivyo. Ili vituo viwili viandike kwa pamoja kama stoo moja, vSAN inataka safari ya kwenda na kurudi kati yao isizidi milisekunde 5. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kilomita 480 hivi. Piga hesabu: kwenda na kurudi umeshamaliza karibu milisekunde zote 5 kabla swichi hata moja haijafanya kazi yake. Kwa hivyo pacha wa kuandika papo hapo anakaa karibu, na nakala ya mbali inafika ikiwa imechelewa kidogo. Kila kampuni inachagua ichelewe kwa sekunde ngapi. Tunaona mteja aambiwe idadi hiyo, kama anavyoambiwa ada ya kutuma.

Kuna jambo moja ambalo mainjinia walitusihi tusilisahau: nakala hizi zote si akiba. Mtu akifuta rekodi kwa bahati mbaya, au virusi vikaziharibu, kosa hilo linanakiliwa kwenye seva zote kwa utiifu ule ule na kwa kasi ile ile. Nakala ya akiba ni kitu kingine. Inakaa mahali tofauti, haiguswi na shughuli za kila siku, na mara kwa mara mtu anakaa chini kuirudisha aone kama inafunguka.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya yaliyompata mama wa mwenzetu mmoja hapa ofisini. Ni mwanachama wa sacco ndogo ya wafanyabiashara wa soko. Michango yote ilikuwa kwenye kompyuta moja chini ya meza ya karani. Stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikafa. "Akiba" waliyokuwa nayo ilikuwa faili nyingine kwenye diski hiyo hiyo. Kwa miezi minne wanachama walipanga foleni na risiti za benki na meseji za simu kuthibitisha walichochanga. Mama huyu alikuwa amefuta meseji zake za zamani ili simu ipate nafasi. Shilingi 14,500 zake hazikutambuliwa, na hakuna aliyeiba hata shilingi moja.

Kwa hivyo kwenye mkutano wa mwaka wa sacco au chama chako, baada ya gawio kusomwa, inua mkono. Uliza rekodi zinakaa kwenye mashine ngapi. Wakisema mbili, uliza zikipishana nani anaamua. Uliza nakala ya akiba ilirudishwa lini mara ya mwisho ili kujaribiwa. Mwenyekiti akikasirika, keti chini, lakini swali limeshaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Hatusemi kila sacco ijenge chumba cha seva. Baada ya Broadcom kuinunua VMware Novemba 2023, leseni za kununua mara moja zilisimamishwa na sasa unalipia kwa muda, mzigo ambao kikundi cha watu 300 hakihitaji. Seva tatu za kawaida zenye Proxmox na Ceph hazidai leseni, ila zinadai mtu anayezielewa, na mtu huyo akipata kazi Nairobi mmebaki na mashine tatu za kutisha. Kwa kikundi kidogo, sisi tungekodisha nafasi kwa mtoa huduma mwenye nakala tayari, na pesa iliyobaki ikaingia kwenye akiba ya mbali inayojaribiwa kila robo mwaka. Na wewe binafsi, kabla hujafuta meseji, omba taarifa ya miamala yako ya mwezi na uihifadhi kwenye barua pepe. Haikumalizii nafasi ya simu.

Meseji tuliyotuma hatimaye ilikuwa hii: "Jumatano saa 7:00 usiku hadi 10:30 alfajiri hutaweza kutuma wala kutoa pesa. Tunahamisha rekodi za salio kwenda seva mpya. Tunafunga kwa sababu hatutaki muamala wako uandikwe mahali pamoja tu. Salio utakaloacha ndilo utakalolikuta. Una safari au mgonjwa? Toa pesa mapema. Hatutakupigia kuuliza PIN." Sisi tulikuwa tumeandika 10:00. Ile nusu saa iliongezwa na yule injinia wa swali la kwanza.

Meseji ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na hii inapita hapo kwa mbali. Idara ya fedha imeuliza kwa nini kila mteja ametumiwa meseji mbili badala ya moja. Tumewapelekea makala haya.